Samaki wa Les Eyzies na suala la nani atunze mali ya kale

Kwenye dari ya kipenu kimoja cha mwamba, ndani ya kibonde kiitwacho Gorge d'Enfer kusini-magharibi mwa Ufaransa, kuna samaki aliyechongwa jiweni. Ni salmoni dume, urefu wake unazidi mita moja kidogo, na mchongaji wake aliishi takriban miaka 25,000 iliyopita. Taya la chini limejikunja kuelekea juu, jinsi linavyokuwa salmoni dume anapopanda mto kwenda kuzaliana, kwa hiyo aliyemchonga alikuwa mtu wa mtoni aliyewajua samaki wake. Kumzunguka samaki huyo kuna safu ya matundu yaliyopigwa kwa tindo, yamefuatana hadi yakatengeneza umbo la mstatili. Matundu hayo hayana uhusiano wowote na zama za mawe. Yalichimbwa baada ya mwaka 1912, samaki alipogunduliwa, na waliokuwa wanayachimba walitaka kumbandua kutoka kwenye dari waondoke naye.

Mnunuzi alikuwa Berlin. Kabla kazi haijaisha Serikali ya Ufaransa iliingilia kati, kipenu kikatangazwa kuwa mali ya kihistoria inayolindwa, na samaki akabaki palepale na majeraha yake. Mengi huandikwa kuhusu ustadi wa mkono uliomchonga, na ustadi huo unastahili kila sifa. Lakini kwa mtu anayeishi katika nchi ambayo mifupa, michoro na mafuvu yake yamejadiliwa na kuhamishwa na wengine kwa zaidi ya karne moja, yale matundu yana habari nzito zaidi. Yanaonyesha kwamba hata Ufaransa, tena karne ya ishirini ikiwa imeshaanza, mali ya kale ya kijiji cha wakulima ilikuwa bidhaa ya kuuzwa, na kwamba kilichobadilisha hali hiyo kinaweza kutajwa kwa majina na kwa miaka.

Kijiji chenyewe ni Les Eyzies, katika mkoa wa Dordogne, eneo ambalo wenyeji bado huliita kwa jina lake la zamani, Périgord. Wakazi wake wote ni kama elfu moja. Mto Vézère unapita chini, na juu yake yamesimama magenge ya mawe ya chokaa ambayo maji na barafu vimeyala kwa chini, yakabaki yameinama mbele na kuacha vipenu virefu vinavyotazama jua. Mtu akiweka ngozi na matawi kwa mbele anapata nyumba: mvua haimfikii, upepo wa kaskazini haumfikii, mto uko karibu, na akiwa juu anaona wanyama wanaovuka bonde. Ndiyo maana katika eneo la kilomita 30 kwa 40 hivi kumehesabiwa sehemu 147 za zama za mawe na mapango 25 yenye michoro. UNESCO iliiweka sehemu ya bonde hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, mwaka uleule ilipoorodheshwa Ngorongoro yetu, yenye Olduvai ndani yake.

Ngome nazo zimefuata mantiki hiyohiyo ya magenge. Watu wa karne za kati walipotaka usalama hawakuhitaji kubuni kitu kipya, walirudi kwenye miamba ya mababu wasiowajua. La Roque Saint-Christophe ni ukuta wa mwamba wenye urefu wa karibu kilomita moja, na watu waliishi kwenye ngazi zake kwa vipindi mbalimbali tangu enzi za Waneanderthal, watu wa kale wa Ulaya waliokwisha toweka, hadi vita vya dini vya karne ya 16. Huko Commarque, ngome ya mawe imejengwa juu ya jabali, na chini ya jabali hilo kuna pango lenye farasi aliyechongwa ukutani. Mabwana wa ngome walikuwa wakila na kupigana juu ya kichwa chake bila habari. Ukivuka bonde unakutana na Cap Blanc, kipenu chenye msururu wa farasi waliochongwa ambao uliibuliwa mwaka 1909. Kando ya mto Dordogne wenyewe, ambao Vézère inamwaga maji yake ndani yake, ngome za Beynac na Castelnaud zimetazamana ng'ambo hii na ile. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, kati ya 1337 na 1453, Beynac ilikuwa upande wa mfalme wa Ufaransa na Castelnaud mara nyingi ilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Ngome hizo ni nzuri na zinaleta fedha. Mimi lakini naona kwamba zimepewa nafasi kubwa mno katika picha za eneo hilo, kwa sababu historia yake ni ile tunayoijua kila mahali: mwenye jabali anamtoza ushuru anayepita chini. Iliyo muhimu zaidi kwa hoja yangu ni ngome ndogo isiyo na sifa kubwa, ile ya Tayac, iliyobandikwa katikati ya genge juu ya nyumba za Les Eyzies. Nitairudia hapo mbele.

Kwanza tuone vitu vilivyotoka. Mwaka 1863 Mfaransa Édouard Lartet na tajiri Mwingereza Henry Christy walianza kuchimba katika vipenu vya bonde hilo. Mwaka 1864, huko La Madeleine, walipata kipande cha pembe ya mamothi, tembo wa kale mwenye manyoya, kilichochorwa mamothi mwenyewe, manyoya na paji la uso vikiwa vimeonyeshwa. Ugunduzi huo ulimaliza ubishi mkubwa, kwani hakuna awezaye kumchora mnyama aliyetoweka bila kumwona: binadamu na mamothi waliishi pamoja. Kipande hicho kilipelekwa Paris. Vingi vya Christy viliishia British Museum, London. Mwaka 1868 kazi za barabara karibu na stesheni mpya ya reli zilifukua kipenu cha Cro-Magnon, pale pale kijijini, na Louis Lartet, mtoto wa Édouard, akatoa mifupa ya watu wasiopungua watano, pamoja na makombe mengi ya bahari yaliyotobolewa kwa ajili ya kuvaliwa. Kutoka hapo hadi Bahari ya Atlantiki ni zaidi ya kilomita 150. Mifupa hiyo nayo ikaenda Paris, na huko iko hadi leo. Jina la kipenu cha kijiji likazunguka dunia nzima kama jina la watu wa kale wa Ulaya, fuvu lenyewe likakaa mji mkuu.

Kwa hiyo tusiseme kwamba tatizo lilianza na Wajerumani. Mto wa vitu kutoka kijijini kwenda mijini ulikuwa unatiririka kwa karibu miaka hamsini kabla ya yule samaki, na watu wa Paris hawakuona ubaya wowote kwa kuwa ulikuwa unaelekea kwao.

Aliyeanza kuuona ubaya huo alikuwa mwalimu wa shule. Denis Peyrony alizaliwa mwaka 1869 hukohuko Dordogne na akafundisha shule ya kijiji cha Les Eyzies. Hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa kuwafundisha watoto wa wakulima kusoma na kuhesabu, na siku za mapumziko akatembea milimani. Septemba 1901, akiwa na watafiti Henri Breuil na Louis Capitan, alishiriki kutambua michongo ya pango la Les Combarelles, na siku nne baadaye michoro ya rangi ya Font-de-Gaume. Watu wa kijiji walikuwa wakiingia Font-de-Gaume tangu zamani. Wengine walikwaruza majina yao juu ya miili ya nyati bila kuwaona nyati wenyewe. Jicho la kuwaona lilikuwa ni la mtu aliyeishi pale, aliyekuwa ameanza kujifunza nini cha kutafuta.

Ukubwa wa jambo hilo unaeleweka ukikumbuka Altamira. Michoro ya pango hilo la Hispania ilionekana mwaka 1879, na wataalamu wakubwa wakasema ni ya kughushi, kwamba watu wa kale hawangeweza kuchora hivyo. Marcelino Sanz de Sautuola, aliyeitangaza, alifariki mwaka 1888 akiwa bado anadhaniwa kuwa ama mwongo ama mjinga. Ushahidi wa bonde la Vézère ndio uliogeuza mambo. Kule La Mouthe, karibu na Les Eyzies, mwaka 1895 ilionekana michongo nyuma ya udongo wa kale uliokuwa umeziba pango, na mtu wa karne ya 19 hawezi kuchora nyuma ya udongo ambao haujafukuliwa. Font-de-Gaume na Les Combarelles zikaongeza uzito. Mwaka 1902 Émile Cartailhac, mmoja wa waliokuwa wakali zaidi dhidi ya Altamira, alichapisha maandishi ya kukiri kwamba alikosea. Katika Font-de-Gaume kuna kulungu wawili wa nchi za baridi: mmoja amepiga magoti, mwingine ameinamisha shingo na kumlamba paji la uso, ulimi ukiwa umechongwa kwa mstari mwembamba sana. Hiyo ndiyo kazi waliyosema binadamu wa kale hana akili ya kuifanya.

Umaarufu ulipokuja ukaleta wanunuzi. Otto Hauser, Mswisi, alifika bondeni na kukodi mashamba ya wakulima moja baada ya jingine ili achimbe. Mwaka 1908 huko Le Moustier alipata mifupa ya kijana Mneanderthal. Mwaka 1910 aliiuza Berlin pamoja na mifupa mingine aliyoitoa Combe-Capelle, kwa fedha nyingi sana. Wafaransa walimchukia, na vita vilipoanza mwaka 1914 alikimbia akaacha kila kitu. Katika simulizi za kizalendo yeye ndiye shetani wa hadithi.

Sipendi kuisimulia hivyo. Hauser hakuvunja sheria, kwa sababu sheria haikuwepo. Mwenye shamba alikuwa na haki ya kukodisha ardhi yake na vyote vilivyomo. Na wakulima waliokodisha hawakuwa wasaliti. Mwishoni mwa karne ya 19 kidudu cha filoksera kiliangamiza mizabibu ya Dordogne, na familia nyingi zilipoteza zao lililokuwa likiwapatia fedha taslimu. Mtu wa namna hiyo akija mgeni na kumwambia, nitakulipa kwa ajili ya kifusi kilicho nyuma ya zizi lako, utamwambia nini? Kumlaumu mkulima kwa kuuza ni kumtaka alinde mali ya taifa kwa njaa ya watoto wake, na taifa lenyewe halijachangia hata senti. Hoja hii naisisitiza kwa sababu huku kwetu nayo husikika mara kwa mara, kwamba wananchi ndio waharibifu wa mali kale.

Yule samaki alikuja katikati ya joto hilo. Ufaransa iliyokuwa imeshapoteza mifupa ya Le Moustier iliona sasa mwamba wenyewe unakatwa. Tarehe 31 Desemba 1913 ikapitishwa sheria ya majengo na maeneo ya kihistoria iliyoipa Serikali uwezo wa kulinda mali iliyo mikononi mwa mtu binafsi, hata kama mwenyewe hataki. Sheria ya kuzuia mtu kuchimba bila kibali ilichelewa mno, ilikuja mwaka 1941. Lakini mwaka huohuo wa 1913 lilifanyika jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko sheria: kwa ushawishi wa Peyrony, Serikali ilinunua ile ngome ya Tayac, iliyokuwa imebaki gofu, iwe mahali pa kuweka vitu vinavyofukuliwa bondeni. Ilizinduliwa rasmi kama makumbusho mwaka 1923. Mwaka 1931 sanamu ya mtu wa kale iliyochongwa na Paul Dardé ikasimamishwa kwenye baraza yake, inatazama mto. Mwaka 2004 likafunguliwa jengo jipya ubavuni mwa gofu, na leo hiyo ndiyo Makumbusho ya Taifa ya Zama za Kale ya Ufaransa. Liangalie neno hilo, ya Taifa. Haiko Paris. Iko kwenye genge la kijiji cha watu elfu moja, hatua chache kutoka kwenye kipenu cha Cro-Magnon.

Sasa twende kwenye hoja inayorudiwa kila Waafrika wanapodai vitu vyao: kwamba viko salama zaidi vilipo. Bonde la Vézère limeijibu hoja hiyo kwa mifano miwili, na mifano hiyo inavuta pande tofauti, kwa hiyo ni lazima itajwe yote.

Wa kwanza ni kijana wa Le Moustier. Berlin ilikuwa na fedha, wataalamu, kabati za vioo na majengo ya fahari. Mwaka 1945 mabomu yalipiga, na sehemu kubwa ya mifupa ya mwili wake ikaungua. Fuvu lilichukuliwa na Wasovieti, likarudishwa Ujerumani Mashariki miaka ya baadaye, na sasa liko kwenye makumbusho mjini Berlin. Samaki aliyebaki darini chini ya genge la wakulima hakuguswa na vita vyote viwili. Hakuna mji mkuu ambao ni salama kwa asili yake. Usalama wa London, Paris na Berlin ni wa vipindi, na kipindi kimoja kibaya kilitosha.

Wa pili ni mtoto mchanga. Mwaka 1914 Peyrony mwenyewe alifukua huko Le Moustier mifupa ya kichanga cha Kineanderthal kilichofariki kikiwa na miezi michache tu. Kisha kikapotea. Kwa zaidi ya miaka 80 watafiti waliandika kwamba hakijulikani kilipo, hadi mwaka 1996 mifupa yake ilipotambuliwa ndani ya stoo za makumbusho ya Les Eyzies, katika nyumba ileile ambayo mwalimu aliianzisha kwa ajili ya kulinda. Ilikuwepo muda wote, haikuandikwa ipasavyo. Anayedai virudi nyumbani na asidai wakati huohuo mtunza stoo mwenye mshahara, daftari na mafunzo, anadai nusu ya kitu. Lakini pima tofauti: kilichopotea stoo kilipatikana, kilichoungua hakitapatikana.

Kuna ukweli mwingine ambao Wafaransa wanaosifu ushindi wao wa 1913 huwa hawauweki ukurasa mmoja nao. Nchi hiyohiyo iliyoona ni aibu samaki wa jiwe kuvuka mpaka kwenda Ujerumani ilikuwa, miaka ishirini tu nyuma, imebeba hazina za kifalme za Abomey kutoka Dahomey, Benin ya leo, baada ya vita vya 1892. Ilichukua hadi Novemba 2021 vitu 26 kati ya hivyo kurudi Benin, na hapo ni baada ya bunge kutunga sheria maalumu. Kanuni kwamba kitu cha kale ni cha mahali pake ilifahamika vizuri Paris mwaka 1913. Ilihesabika ndani ya mipaka ya Ufaransa tu.

Na Berlin je? Miaka ileile iliponunua mifupa ya Le Moustier na kumsubiri samaki, Berlin hiyohiyo, kupitia makumbusho yake nyingine, ilikuwa inachimba Tendaguru, bara ya Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 mamia ya wafanyakazi Waafrika walifukua mifupa ya dinosaria, ikafungwa, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Eneo hilo lilikuwa limetoka tu kwenye Vita vya Maji Maji, vijiji vimechomwa, njaa imeua watu wengi. Anayesema wapagazi wale walikuwa na hiari ya kukataa mshahara anapaswa kueleza wangekula nini. Mifupa hiyo iliunda dinosaria mkubwa anayesimama leo Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani.

Tendaguru nayo ilikuwa na mtu wake. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, aliyejua kutambua mfupa ndani ya udongo, kuufunua bila kuuvunja na kuwafundisha wengine. Mwaka 2007 aina moja ya dinosaria ilipewa jina la kumuenzi, Australodocus bohetii. Mweke Boheti kando ya Peyrony. Wote wawili walikuwa watu wa eneo husika, wote hawakuwa maprofesa, wote walikuwa na jicho lililozidi la wageni waliofanya nao kazi. Mmoja alipoandikia wizara, wizara ilikuwa yake na ilimjibu kwa kununua ngome. Mwingine hakuwa na wizara ya kuiandikia, kwa kuwa dola iliyokuwa inamtawala ndiyo iliyokuwa mchukuaji. Tofauti kati ya Lindi na Les Eyzies haiko kwenye mapenzi ya watu kwa mambo yao ya kale. Iko kwenye nani alikuwa na serikali.

Uhusiano wa bonde hilo na sisi una njia nyingine ya kushangaza zaidi. Mwaka 1925 msichana Mwingereza wa miaka 12, Mary Nicol, alikaa Les Eyzies na wazazi wake. Baba yake alikuwa mchoraji. Elie Peyrony, mtoto wa yule mwalimu, alikuwa anachimba pango mojawapo, na alimruhusu msichana apekue kifusi kilichotupwa. Mary akaanza kuokota ncha za mawe, vikwangulio na visu vya gumegume, akavipanga kwa aina zake. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa Mary Leakey, aliyeliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, huko Olduvai Julai 1959, na ambaye timu yake ilifukua nyayo za Laetoli zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Mwaka 1951 alikaa Kondoa akinakili michoro ya miambani ya Irangi, ikiwemo ya Kolo. Yaani macho yaliyosoma Olduvai na Kolo yalifunzwa kwenye jalala la mchimbaji wa Les Eyzies. Na Zinjanthropus, tofauti na mifupa ya Tendaguru, yuko Dar es Salaam, kwa kuwa safari hii ilikuwapo nchi huru ya kumpokea.

Laetoli pia inatusaidia kuelewa Lascaux. Pango la Lascaux, karibu na Montignac juu kidogo ya mto uleule, liligunduliwa na vijana wanne Septemba 1940 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1948. Watu walimiminika, siku nyingine zaidi ya elfu moja. Kila pumzi ilileta joto, unyevu na hewa ya ukaa. Taa zikakuza mwani wa kijani juu ya michoro, na hewa iliyochafuka ikaanza kuiwekea kuta utando mweupe wa chokaa. Mwaka 1963 Waziri wa Utamaduni, André Malraux, alilifunga. Uamuzi huo uliondoa mapato ya mji mdogo kwa mkupuo mmoja, na bado ulifanyika. Nakala ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1983, mita mia mbili kutoka pango halisi, baada ya mchoraji Monique Peytral kutumia miaka mingi kurudia mkono wa watu wa kale kwa rangi zilezile za udongo na madini. Nakala kubwa zaidi ilifunguliwa Desemba 2016. Pango halisi bado linaugua: mwaka 2001 kuvu weupe walilivamia, baadaye yakaja madoa meusi. Kufunga kulipunguza maradhi tu, hakukuyamaliza.

Laetoli ilipitia njia hiyo bila kelele nyingi. Nyayo zilifunikwa kwa udongo baada ya kuchunguzwa, lakini udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga, miti ikaota na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wa Getty, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, walifukua, wakang'oa miti, wakafukia upya kwa matabaka yanayozuia mizizi. Mgeni akifika anaona nakala. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuwanyima wananchi chao. Nawaelewa, lakini siafikiani nao. Katika Font-de-Gaume, ambayo bado iko wazi, wageni huhesabiwa kwa makumi tu kwa siku na huingia kwa vikundi vidogo kwa muda mfupi, na kila anayeingia anapunguza kidogo uhai wa rangi zile. Nakala iliyo karibu na kitu halisi, kijijini kwake, ni jambo la heshima. Kinachoudhi ni pale kijiji kinapobaki na nakala huku kitu halisi kikiwa mji mwingine, kama fuvu la Cro-Magnon.

Kuna kitu kimoja ambacho Les Eyzies haiwezi kutufundisha. Katika Font-de-Gaume hakuna aliye hai anayeomba. Uzi kati ya wachoraji na wakazi wa leo ulikatika maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo Serikali inaweza kuweka mlango wa chuma na kufuli bila kumvunjia mtu ibada yake. Kolo si hivyo. Michoro ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na moja ya sababu ni kwamba wakazi wa jirani bado wana matambiko yao kwenye miamba hiyo, pamoja na maombi ya mvua. Sadaka zao wakati mwingine hugusa mwamba wenyewe, na mhifadhi aliyesomea mfano wa Kifaransa ataona uharibifu hapohapo. Mlango wa chuma ungehifadhi rangi na kuwafukuza wenyewe. Kwa hiyo mlinzi wa Kolo hawezi kuwa mtu wa kuletwa na barua ya uhamisho, akakaa miaka miwili na kuondoka. Anatakiwa awe mtoto wa vijiji vile, anayejua mzee gani anatambika wapi na msimu gani, amesomeshwa uhifadhi kwa gharama ya Serikali, na alipwe mshahara wa kumfanya abaki. Nafasi za namna hiyo ziko ndani ya uwezo wa bajeti yetu, na hazihitaji ruhusa ya Berlin wala Paris.